'GET' ilivyoniumbua Irente!

Wewe unayejisifu eti Kimombo unakimwaga, hebu niambie, 'get' maana yake nini? Kama umejibu "kupata", karibu kwenye chama. Umechemsha kama mimi.

Mwaka 1996 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Lushoto, kazi hakuna. Washikaji wakaniambia dili ni kutembeza watalii: mnakatiza vijijini kwa miguu hadi Irente, wanapiga picha, unalamba chako. Ung'eng'e nilikuwa nao bwana, cheti kilisema hivyo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mkarimu. Njiani akaniuliza, "How do you get by?" Nikajua anauliza tunapita wapi. Nikamnyooshea kidole: kile kinjia pale, mama. Akanitazama, akanyamaza. Baadaye sana ndipo nilipojua aliniuliza maisha nayaendeshaje. Mtu anataka kuzijua shida zangu, mimi namwonyesha njia!

Tukafika Irente. Pale mlima umekatika ghafla kama mkate. Chini kabisa Mazinde inaonekana kama vibiriti vilivyomwagwa, na mbele yake nyika ya Wamaasai haina mwisho. Mama akashika kifua: "I can't get over it!" Moyo ukanilipuka. Kuvuka? Hapa? Nikamdaka mkono: "No, madam, don't get over, you die!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa anasema uzuri ule unamzidi, haamini macho yake.

Hayo ya kuchekesha. Lililoniuma ni hili.

Yule mama alinipenda, akanipeleka kwa jamaa yake mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa anatafuta kijana wa mapokezi. Bwana akanihoji, akaandika namba ya simu ya dukani kwa mjomba, akaniambia anashuka Tanga, na "I'll get back to you tomorrow." Back si kurudi? Basi, kesho anarudi. Asubuhi nikavaa shati lenye pasi ya makaa, nikakaa stendi kutwa, kila gari likipanda kutoka Mombo nakodoa macho. Jioni naingia dukani, mjomba ananifokea: "We mtoto ulikuwa wapi? Mzungu kapiga simu mara tatu, anataka jibu leo leo!" Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kimombo changu kumbe kiliishia Mombo.

Mwalimu mmoja ndiye aliyenifungua macho. Neno lenyewe, alisema, hata si la Waingereza asilia. Lilitoka kwa Waskandinavia wa kale waliovamia Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na ubosi uko kwa vijineno vinavyolifuata. 'Get up' ni kuamka, 'get off' kushuka kwenye basi, 'get away with' kufanya kosa usishikwe. Ukilibandikia sifa nalo linageuka: 'get tired' kuchoka, 'get married' kuoa au kuolewa. Sisi tukitaka kubadili maana tunakichezea kitenzi mkia: pata, patia, patana, patikana. Mwingereza mkia huo hana, anabandika kijineno nyuma. Kupatana kwake ni 'get along'. Laiti ningeambiwa hivyo darasani, badala ya kukariri "get, kupata" kama kasuku!

Mwaka 1998 mama yule alirudi Lushoto, safari hii anajifunza Kiswahili. Nilimkuta na daftari, kakunja uso. Kamusi imemwambia kupiga ni kuchapa. Sasa mbona dada wa usafi anataka kuipiga nguo pasi, mwingine anataka kumpigia simu, na mimi namwomba tupige picha?

Nikamwambia subiri kidogo mama, twende gulioni, huko watu wanapiga soga, wanapiga miayo, wengine wanapiga mswaki barazani.

Akafunga daftari. "I don't get it," akasema.

Hiyo niliielewa.