Kuhifadhi Kumbukumbu za Ofisi (2): Diski Inayojikagua

Wiki iliyopita tulizungumzia stima. Leo tuingie ndani ya diski ya seva ndogo, tuseme ya chama cha ushirika cha kahawa hapa Sirisia.

Stima ikipotea katikati ya kazi, ext4, mfumo wa faili uliozoeleka kwenye Linux tangu 2008, huwa umeshanukuu pembeni mabadiliko uliyokusudia, kwa hiyo ukiwashwa hujipanga upesi. XFS, uliozaliwa Silicon Graphics mwaka 1993, hufanya vivyo hivyo. Lakini yote miwili hulinda mpangilio wa faili, yaliyomo haiyakagui. Ndani ya kompyuta, tarakimu 1 na 9 hutofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka kwa hitilafu ya diski, mkulima aliyeleta kilo 140 anasomeka 940. Ext4 haulalamiki, na nakala ya usiku inalibeba kosa kama lilivyo. Likija kugunduliwa wakati wa malipo, nakala safi zimeshafutwa kitambo.

ZFS, ambao Sun Microsystems iliuachia umma mwaka 2005, huhifadhi hesabu ya uhakiki ya kila kipande cha data na kuirudia kila kinaposomwa. Penye diski mbili pacha, kilichoharibika huku hurekebishwa kutoka kule. Penye diski moja utaambiwa tu kwamba faili imeharibika, na hilo si haba.

Tena ZFS hauandiki juu ya data ya zamani, ndiyo maana kuhifadhi hali ya sasa ya faili zote ni kazi ya sekunde. Wengi hudhani hapo wamemaliza. Hali hiyo imo kwenye diski zilezile. Mwizi akibeba seva, kabeba vyote. Kwa hiyo peleka nakala ya kwanza mbali, tuseme Kitale, kwa matatu, ndani ya diski ya nje; baada ya hapo ZFS hutuma mtandaoni vipande vilivyobadilika tu, na bando la kawaida linatosha.

Btrfs, ulioanzia Oracle mwaka 2007, hufanya mengi ya haya, na umo ndani ya Linux yenyewe. ZFS umebaki nje kwa mvutano wa leseni. Kwa diski mbili pacha ningetumia Btrfs bila wasiwasi. RAID 5 na 6 zake, mipangilio ya diski kadhaa, watengenezaji wenyewe wanazitilia shaka. Bcachefs uliingizwa Linux Januari 2024, ukaondolewa 2025. Hesabu za wakulima siwezi kuziweka huko.

Wiki ijayo: kurejesha nakala ya Kitale kwenye mashine tupu.