Bei Humchagua Mteja

Colin Percival, mwanahisabati wa Kanada aliyewahi kuwa afisa wa usalama wa mradi wa FreeBSD, anauza huduma ya kuhifadhi nakala za mafaili iitwayo Tarsnap. Bei yake ni pikodola 250 kwa kila baiti kwa mwezi. Pikodola ni dola moja iliyogawanywa mara trilioni. Ukipiga hesabu, unapata senti 25 za Marekani kwa gigabaiti moja, na wauzaji wengine wote wangeanza hapo. Yeye kashikilia pikodola zake mwaka baada ya mwaka. Anayeziona akacheka huku akielewa ndiye mteja wake. Anayeziona akakunja uso hakuwa wake tangu mwanzo.

Huduma yenyewe imejengwa kwa watu wa aina hiyo. Mafaili hufungwa kwa ufunguo wa siri kabla hayajatoka kwenye kompyuta ya mteja, na ufunguo hubaki kwa mteja peke yake. Akiupoteza, hata Percival mwenyewe hawezi kumsaidia. Tena programu huchambua mafaili na kuacha kila kinachojirudia, hivyo ofisi inayohifadhi nakala kila usiku inaweza kujikuta inalipia gigabaiti chache tu. Gigabaiti nne ni dola moja kwa mwezi.

Dola moja, kwa kitu ambacho kikikosekana siku ya balaa kampuni inaweza kufunga milango!

Aprili 2014 Mmarekani Patrick McKenzie, mtengenezaji wa programu aliyekuwa akiishi Japani, alichapisha makala ndefu ya kumsihi rafiki yake huyo abadilike. Alimtaka aachane na pikodola, auze vifurushi vya mwezi kuanzia dola 50, na azungumze lugha ya wenye biashara. Aligusia pia jambo ambalo mtu wa mauzo akilisikia atashika kichwa: Tarsnap hulipiwa kabla ya matumizi, na salio likiisha, baada ya onyo na siku chache za kungoja, nakala hufutwa. Fikiria mhasibu yuko likizo, barua pepe ya onyo imelala bila kusomwa, na kumbukumbu za kampuni zinakwenda kwa sababu ya deni lisilotosha kununua chakula cha mchana.

Percival hakukubali. Mwezi huohuo alikuwa ameshusha bei, kutoka pikodola 300 hadi 250.

Ni rahisi kumwona McKenzie mwenye akili ya biashara na Percival mkaidi. Lakini kampuni inayolipa dola 500 kwa mwezi huja na madai yake: inataka namba ya simu ya kupiga usiku, mkataba wa kupitiwa na wanasheria, mafunzo kwa wafanyakazi wapya. Anayelipa pikodola husoma maelekezo mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wa McKenzie, ambao kwa upande wa pesa ulikuwa sahihi, ulikuwa pia ushauri wa kubadili kazi. Hilo ndilo linalosahaulika mtu anapokaa kupanga bei ya programu yake: namba atakayoandika itaamua ni nani atakayempigia simu Jumatatu asubuhi.

McKenzie alikuwa amelijua hilo kwa mfuko wake. Mwaka 2006, akiwa bado ameajiriwa Japani, alianza kuuza programu ya kutengenezea kadi za mchezo wa bingo, ile ambayo walimu wa shule za msingi Marekani hutumia kufundishia watoto kusoma maneno. Bei ilikuwa dola 24.95, malipo ya mara moja. Wanunuzi wengi walikuwa walimu waliolipa kwa pesa zao wenyewe, na mwalimu anayelipa kwa pesa yake hufikiri mara mbili. Hata hivyo biashara ilikwenda, kwa kuwa kadi za kukata kwa mkasi zilikuwa zikimlia mwalimu jioni nzima.

Baadaye akatengeneza kitu kingine kabisa: mfumo wa kupiga simu na kutuma ujumbe kumkumbusha mtu miadi yake. Vifurushi vilikuwa vya dola 29, 79 na 199 kwa mwezi. Aliyetengeneza ni yuleyule, na huwezi kusema mfumo ule wa pili ulihitaji akili mara kumi zaidi. Kilichobadilika ni anayenunua. Daktari wa meno ambaye mgonjwa wake wa saa nne hakutokea ana kiti kitupu, msaidizi anayelipwa na taa zinazowaka. Akiokoa miadi moja tu, ada ya mwezi imekwisha kujilipa. Mwalimu hupima bei kwa mshahara wake, daktari huipima kwa kile kiti.

Hapa ndipo mazoea ya sokoni yanapowapotosha wengi. Muuza nyanya anajua kreti imemgharimu kiasi gani, anaongeza nauli na faida, basi. Programu haina kreti. Nakala ya kwanza imekula miezi ya usingizi, na nakala ya elfu moja haigharimu karibu chochote. Mteja naye anajua hivyo, ndiyo maana hasikii haya kuuliza, “Si ni kitu cha kuweka kwenye flashi tu? Bei ya mwisho ngapi?” Kijana aliyetengeneza mfumo wa duka Nairobi au Dar es Salaam, akikosa jibu, hushusha. Anashusha hadi shilingi 500 za Kenya kwa mwezi, kisha mteja anapiga simu kwamba printa ya risiti imegoma. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inamaliza malipo ya mwezi mzima, na programu yenyewe haikuwa na kosa: karatasi ilikuwa imewekwa kinyume.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Walikuwa wakizungumzia vitu vinavyoonekana kwa macho. Mfumo wa hesabu mtu hauoni uzuri wake mpaka awe ameutumia kwa mwezi, na hatautumia kama hakuelezwa kwanza kwamba ni wake.

Swali la pili, baada ya nani ananunua, ni kipimo. Afrika Mashariki ina mfano mzuri kuliko wowote wa vitabuni, japo ni wa kampuni kubwa. Safaricom na Kencell, kampuni za simu za mkononi, walipoingia sokoni Kenya mwaka 2000, Kencell alitoza simu kwa dakika na kuwaelekea zaidi watu wa makampuni. Safaricom akatoza kwa sekunde. Aliyekuwa na ujumbe wa “nimefika, nipo stendi, njoo” alilipia sekunde nane, si dakika nzima. Kipimo hicho kilimwambia mama wa kibandani kwamba simu ni yake pia, kabla tangazo lolote halijamwambia. Kencell amekuwa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel, na bado yuko nyuma ya mwenzake kwa idadi ya wateja nchini humo.

Kwenye programu, vipimo vinavyozoeleka ni mtumiaji, mwezi na kifaa. Si lazima viwe hivyo. Kampuni ya 37signals ya Chicago, iliyoanza kama watengenezaji wa tovuti, ilizindua mfumo wa kusimamia kazi uitwao Basecamp mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa iliuuza kwa dola 99 kwa mwezi kwa kampuni nzima, wawe watu watano au mia tano. Wenye kampuni walieleza sababu bila kificho: anayelipia watu elfu moja anakuwa bosi wako, maana akitishia kuondoka unatetemeka. Baadaye, hata hivyo, waliongeza kifurushi cha dola 15 kwa kila mtu, na kile cha kampuni nzima kikapanda hadi dola 299. Ofisi ya watu watatu ilikuwa haioni sababu ya kulipa kama ofisi ya watu mia.

Kwa mfumo wa shule, mwanafunzi kwa muhula ni kipimo kinacholeta maana kuliko mtumiaji kwa mwezi. Pesa ya shule huingia muhula unapofunguliwa, ikapungua katikati, na kufikia mwisho bohari haina hata chaki. Anayedai ada kila tarehe mosi anagombana na kalenda.

Kisha kuna mpinzani ambaye hakuna awezaye kumshinda kwa bei: bure. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipoleta mfumo wa eTIMS wa ankara za kodi mwaka 2023, ilitoa pia njia za kuutumia bila malipo. Aliyekuwa akiuza programu ya kutolea ankara tu alijikuta anauza maji kando ya mto. Lakini angalia meza ya mwenye duka la jumla. Ankara ya kodi si inayomkosesha usingizi. Ni lile daftari la madeni lenye kona zilizokunjika, majina yamekatwa kwa kalamu ya buluu, mengine yamekatwa kwa nyekundu, na hakuna anayekumbuka nyekundu ilimaanisha nini. Ni katoni tatu za sabuni ambazo hati ya mzigo inaonyesha zimeingia na rafu inaonyesha hazipo. Programu inayomjibu hayo mawili, na kutoa ankara ya kodi kama nyongeza, haishindani tena na serikali.

Limebaki suala la kupandisha, ambalo huwatia watu woga kuliko kupanga. Maciej Cegłowski, mwenye Pinboard, huduma ya kuhifadhi viungo vya kurasa za intaneti aliyoianza mwaka 2009, alilitatua kwa namna ya ajabu: ada ya kujiunga ilipanda kwa sehemu ya kumi ya senti kila mtu mmoja alipoingia. Aliyesitasita leo alilipa zaidi kesho, na kila mtu aliweza kuona kwa nini. Desemba 2010 zilipovuja habari kwamba Yahoo ilikusudia kuiacha Delicious, huduma ya bure iliyokuwa kubwa kuliko zote za aina hiyo, watu walimiminika kwake wakiwa na pesa mkononi, kwa sababu walikuwa wamechoka kuhifadhi vitu vyao mahali ambapo hakuna anayelipwa kuvitunza. Mwaka 2015 alihamia malipo ya dola 11 kwa mwaka kwa wateja wapya. Waliokuwa wamelipa mara moja hakuwagusa.