Kabla upande matatu kwenda kununua RAM, fungua mashine

Uko Kitui mjini au Wote, na desktop yako ya ex-UK inakwama kila ukifungua tabu ya tatu. Umeamua: Jumamosi ni Luthuli Avenue, Nairobi. Ngoja kwanza. Ukirudi na kitu kisichoingia, utalipa nauli tena, na si kila duka hurudisha pesa.

Tuseme ni Dell OptiPlex 7010 ya 2012. Hiyo hutumia RAM ya DDR3. DDR4, hata uipate kwa bei ya kutupa, haiingii: pini zake ni 288, za DDR3 ni 240, na pengo limekatwa pengine. Usilazimishe, utavunja bodi. Zima mashine, chomoa waya, toa RAM iliyomo usome kibandiko. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Ile fupi ni ya laptop, achana nayo.

Kadi ya grafiki ya gemu? Kwa kesi nyembamba, pawa saplai ni wati 240 tu, na kadi ndefu haifungiki. SSD ya SATA ndiyo haisumbui, na utasikia tofauti siku hiyo hiyo.

Lakini usitarajie Windows 11. Prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Microsoft, na Windows 10 iliachwa Oktoba 14, 2025.

Piga kibandiko picha, mtumie muuzaji kwa WhatsApp. Akikujibu "hiyo iko", ndipo utafute matatu.