Sauti Iliyochelewa: Usiku wa Queen Pale Wembley

Jioni ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 1986, katika uwanja wa Wembley mjini London, watu wapatao 72,000 walikusanyika kuwatazama wanaume wanne wa bendi ya Queen. Na katika umati huo, mshabiki aliyewahi mapema akajipatia nafasi chini ya jukwaa alisikia jambo moja, na mwenziwe aliyechelewa akasukumwa hadi ngazi za upande wa pili alisikia jambo jingine, ijapokuwa wote wawili walikuwa na tikiti za onyesho moja, wote wawili walirudi kwao makoo yamewakauka, na wote wawili hata leo wataapa ya kuwa walikuwapo pamoja. Tofauti yao haikuwa ya ukubwa wa sauti tu, jambo ambalo kila mtu hulitarajia, bali ilikuwa tofauti ya wakati.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde hewa inapokuwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Ni mwendo mkubwa kwa mtu amwitaye jirani ng'ambo ya ua, lakini katika uwanja wa mpira ni mwendo wa kusuasua. Aliye mita 10 kutoka kwenye vipaza sauti huipata noti ya gitaa baada ya sehemu tatu za mia za sekunde, kitambo ambacho akili ya binadamu haikijali. Aliye mita 150 huipata baada ya sekunde 0.44, na hicho kwa kadiri ya muziki ni kitambo kirefu, kwa kuwa jicho lake limekwisha kuiona fimbo ya mpiga ngoma ikishuka na kuinuka, nayo yakaribia kushuka tena, ndipo mlio wa pigo lile la kwanza unapomfikia.

Mwaka uliotangulia, tarehe 13 Julai 1985, pale pale Wembley, Queen walikuwa wamepiga kwa dakika 20 hivi katika tamasha la Live Aid, lililorushwa ulimwenguni kwa setilaiti. Setilaiti za matangazo ya namna hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi ya redio, yaendayo kwa kasi ya nuru, huupanda na kuushuka umbali huo kwa robo ya sekunde. Kwa hiyo mtazamaji aliyejinyoosha kitini sebuleni kwake, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, akiletewa matangazo kwa setilaiti moja, aliweza kumsikia mwimbaji kabla ya mtu aliyekuwa ndani ya uwanja ule ule upande wa nyuma, mwenye tikiti mfukoni na jua usoni. Naipenda hesabu hii kwa ujeuri wake.

Ingekuwa bendi nyingine yoyote, maelezo yangekoma hapo. Lakini Queen walikuwa na mtu aliyezijua hesabu hizi kwa taaluma. Brian May, mpiga gitaa wao, alisomea fizikia katika chuo cha Imperial, London, na mwaka 1970 akaanza utafiti wa shahada ya udaktari katika elimu ya falaki, juu ya vumbi lililotandaa baina ya sayari, lile lirudishalo nuru ya jua na kuonekana kama weupe hafifu angani baada ya magharibi au kabla ya alfajiri. Akauacha utafiti huo mwaka 1974, bendi ilipoanza kupata jina, akaurudia baada ya zaidi ya miaka 30 na kutunukiwa shahada yake mwaka 2007. John Deacon, aliyepiga gitaa la besi, alikuwa na shahada ya elektroniki. Roger Taylor, mpiga ngoma, alianza na udaktari wa meno akamalizia na biolojia. Wa nne, ambaye yeye alisomea sanaa ya michoro, ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa wazazi wa Kiparsi, akapelekwa shule India, kisha akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka wa Mapinduzi, 1964. Wako wapendao kusema ya kuwa ngoma za Unguja ndizo zilizomfunza kuitawala hadhira. Mimi sina ushahidi wa hilo wala siutafuti, maana yaliyothibiti yanatosha.

Gitaa alilolipiga May usiku ule halikutoka dukani. Alianza kulitengeneza pamoja na baba yake mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 16, shingo yake ikichongwa katika mbao ya mahogani iliyong'olewa kwenye fremu kuukuu ya meko, na springi za ule mkono wa kulegezea nyuzi zikitolewa katika injini ya pikipiki kongwe. Badala ya kipande cha plastiki ambacho aghalabu wapigaji hukitumia, yeye huzidonoa nyuzi kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita, yaani nusu shilingi ya kale, ndugu wa sumni yetu, kwa kuwa ukingo wake wenye meno hukwaruza uzi kabla ya kuuachia na kuipa noti ukali mwanzoni. Mwili wa gitaa lenyewe umeachwa na uwazi ndani, tena kwa makusudi: sauti itokayo kwenye vipaza sauti irudi iutikise, nyuzi zitetemeke upya bila kuguswa, mtetemo huo uingie tena mitamboni na kutoka ukiwa na nguvu zaidi, mzunguko usiokoma mpaka kiganja kizishike nyuzi. Wapigaji wengi hukikimbia kilio hicho kama ila ya mitambo, ilhali May alikitamani tangu alipokuwa mvulana akikata mbao nyumbani kwao.

Mwezi Mei 1977 bendi hii ilipiga katika ukumbi wa Bingley, Stafford, na ilipomaliza, hadhira badala ya kwenda zake iliwaimbia wao wimbo mzima, ule ambao washabiki wa mpira wa Liverpool wameufanya kuwa wao. May amepata kusimulia ya kuwa alilala na swali: watu waliosongamana bega kwa bega, wasio na chombo mkononi, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi, na kuimba. Ndiyo asili ya wimbo We Will Rock You, ambao wengi huudhania una ngoma, nao hauna hata moja. Waliurekodi katika studio ya Wessex, London ya kaskazini, jengo lililopata kuwa la kanisa, wakisimama juu ya mbao walizozikuta humo na kuzikanyaga mara mbili, kisha kofi, mara mbili, kisha kofi, tena na tena.

Shida ni kwamba watu wachache, hata warekodiwe mara nyingi, huendelea kusikika kuwa ni watu wachache. Mtu mwingine angetia mwangwi wa mashine. Lakini mwangwi wa namna hiyo ni nakala zinazojirudia kwa vipindi vilivyo sawa, na sikio halichelewi kuugundua. May aliwaza kama mwanafizikia: asimamaye katikati ya watu elfu huwasikia wa karibu mapema na wa mbali baadaye, na umbali wao haufuati mpango wowote. Basi akazichelewesha nakala zile kwa vipimo vinavyofuata namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11, 13, ili usiwepo ucheleweshaji mmoja ulio zao la mwingine, na nakala zisipate kuangukiana zikazaa mwangwi. Kisha akazitawanya kushoto na kulia. Msikilizaji hupata hisia ya kuwa yumo ndani ya umati, wala hakuna umati. Sijui wimbo mwingine wa roki uliotumia elimu ya namba kwa faida kubwa hivyo na kelele kidogo hivyo juu ya elimu yenyewe.

Turudi sasa Wembley, ambako umati ulikuwapo kweli. Mwendo wa wimbo huo ni takriban mapigo 81 kwa dakika, yaani sekunde 0.74 toka pigo hadi pigo. Katika nusu ya muda huo sauti hutembea mita 127. Mshabiki aliye umbali huo, akilifuata sikio lake kwa uaminifu, hupiga kofi lake nusu pigo nyuma ya jukwaa, na kofi hilo nalo lina mita 127 za kurudi, hata likimfikia mwimbaji limechelewa pigo zima na kuangukia juu ya kanyago linalofuata. Kutoka jukwaani, basi, makofi ya uwanja mzima hayawezi kuwa kofi moja. Huja kama wimbi lianzialo miguuni na kukimbilia mbali. Wimbo wenye mapigo ya haraka maradufu ungekorogeka na kuwa uji, lakini huu, kwa upole wa mwendo wake na kwa ule upenyo mtupu ulioachwa baada ya kofi, huwapa walio nyuma nafasi ya kuwasili.

Ufundi wa Mercury ulikuwa wa aina nyingine. Katikati ya onyesho vyombo vilinyamaza, naye akaiimbia hadhira sauti tupu isiyo na maneno, akanyamaza, ikamrudishia; akaipinda, akairefusha, ikamrudishia. Ni mtindo wa kuongoza na kuitikia, ambao asiyeujua katika pwani yetu hajapata kusimama penye ngoma. Na kwa fizikia ya uwanja mkubwa hakuna mtindo unaofaa zaidi, kwa kuwa pasipo mdundo wa kufuatwa hakuna wa kuchelewa, na mwongozaji anaweza kungoja sekunde ile moja ambayo sauti yake huitumia kwenda hadi ukutani na majibu kurudi. Watafiti wa Ulaya waliochunguza rekodi za sauti yake na kutangaza matokeo yao mwaka 2016 walikuta ya kuwa alipozungumza alikuwa na sauti ya kadiri, nzito kuliko wengi wanavyodhani, na ya kuwa alipoimba noti ndefu mtetemo wake ulikuwa mara 7 hivi kwa sekunde, wa haraka kuliko ulio wa kawaida kwa waimbaji, na wenye kuyumbayumba.

Mafundi wa mitambo nao hawakulala. Katika tamasha la Watkins Glen, Marekani, Julai 1973, lililokadiriwa kuwa na watu 600,000, minara ya vipaza sauti ilisimamishwa mbali na jukwaa, na vifaa vya kidijitali vikaichelewesha sauti ya kila mnara mpaka sauti ya jukwaani iufikie kwa miguu yake. Leo fundi huongeza sehemu mbili tatu hivi za mia za sekunde juu ya hapo, kwa kuwa Helmut Haas, Mjerumani, alikwisha kuonyesha baada ya Vita Kuu ya Pili ya kuwa sikio huiamini sauti iliyotangulia: mnara huongeza nguvu, na msikilizaji anaendelea kudhani kuwa yote yatoka kinywani mwa mwimbaji.

Usiku nao una lake. Jua likichwa, ardhi hupoa na hewa iliyo karibu nayo hupoa, ilhali ya juu yake yabaki na joto. Na kwa kuwa sauti huenda kasi zaidi katika hewa yenye joto, mawimbi yaliyokuwa yakipotelea juu hupindwa kurudi chini. Ndiyo sababu ngoma ya kijiji cha pili husikika saa tano usiku na haisikiki saa tano asubuhi.

Imebaki habari ya sikio. Ndani yake, jirani na koklea, yaani kiungo chenyewe cha kusikia, kimo kifuko kidogo ambacho kazi yake ni kutujulisha mizani ya mwili. Watafiti Todd na Cody walionyesha mwaka 2000 ya kuwa kwa sauti zipitazo desibeli 90 hivi kifuko hicho nacho huitikia, na pengine ni sehemu ya raha ile ya kutikiswa na muziki ambayo rekodi ya nyumbani haiitoi. Lakini seli zenye vinywele zilizomo katika koklea, 15,000 hivi kwa kila sikio, zikifa hazioti tena. Kwa kanuni ya afya kazini, desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu: desibeli 100 zina robo saa, na 120 zina sekunde 9. Bendi ya The Who ilipimwa Charlton, London, tarehe 31 Mei 1976, ikakutwa na desibeli 120 umbali wa mita 50. Ikaingia katika kitabu cha rekodi za dunia, na mpiga gitaa wake, Pete Townshend, ameishi kwa miaka mingi na uziwi na mlio usiokoma masikioni.

Lau ningepewa tikiti ya usiku kama ule, nisingegombania mbele. Ningetia vizibo masikioni na kusimama karibu na meza ya fundi mitambo, ambayo kwa desturi huwekwa katikati ya uwanja, kwa kuwa fundi huipima sauti kwa masikio yake mwenyewe, na asimamaye jirani naye ndiye asikiaye kile kilichokusudiwa.