Fahamu: Mhitimu wa sheria kutoka Kibondo anaweza kuwa wakili nje ya nchi?

Anaweza, lakini shahada pekee haitoshi. Hata nyumbani Tanzania, hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha huapishwa na Jaji Mkuu.

Burundi je? Ni jirani, na Kiha, lugha ya Kibondo, kinasikilizana na Kirundi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayohusu pia watu kufanya kazi katika nchi wanachama, ilianza kutumika Julai 2010, lakini kila nchi ina masharti yake ya uwakili. Tena sheria za Burundi zina asili ya Ubelgiji, zetu ya Uingereza.

England na Wales? Tangu 2021 kuna mtihani wa kuwa wakili (solicitor) uitwao SQE, wenye sehemu mbili, pamoja na miaka miwili ya kazi ya kisheria.

Kijana, soma masharti ya uendako kabla ya kulipa ada yoyote.