Arosto haisubiri dozi iishe

Teja anapofika hospitali akitetemeka kwa homa, akikohoa na kujishika mbavu, wa kwanza kushukiwa ni kifua kikuu. Si kosa, kwani wanaojidunga heroini wanaugua TB sana. Ila kikohozi hicho huenda kimetoka moyoni.

Sindano inapopita kwenye ngozi isiyosafishwa husukuma ndani bakteria waliokuwa wamejikalia juu yake bila kudhuru, hasa stafilokokasi aureasi. Damu ya vena huwapeleka moja kwa moja upande wa kulia wa moyo, na valvu ya kwanza kukutana nayo ni trikaspidi. Wakinasa hapo, hujijengea vinundu vya bakteria na damu iliyoganda. Kila moyo unapopiga vinundu vinatikisika. Vipande vikimeguka hukwama mapafuni na kutunga usaha. Picha ya kifua huonyesha madoa yaliyotapakaa pande zote mbili. Valvu za kushoto zikishikwa, mambo ni mabaya zaidi, maana vipande huelekea kwenye ubongo, na kijana wa miaka 25 anapata kiharusi.

Ugonjwa huu wa valvu huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara na kuupiga moyo picha ya eko. Damu ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Kwa desturi yetu ya kununua vidonge dukani kila homa inapopanda, mara nyingi ushahidi huwa umeshafifia mgonjwa anapofika.

Tiba ipo: antibayotiki za mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Lakini saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho arosto huanza: tumbo linasokota, mifupa inauma, usingizi hakuna. Asubuhi kitanda ni kitupu na faili linaandikwa "ametoroka". Mimi huona neno hilo linamlaumu mgonjwa kwa dawa ambayo wodi haikumpa. Methadoni hutuliza arosto, na si ngeni kwetu: Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Inapaswa kuanza siku ileile ya antibayotiki, kitandani, bila kumngoja apone kwanza ndipo aelekezwe kliniki.

Hata upasuaji wa kubadilisha valvu hauikwepi hoja hiyo, kwani mgonjwa anaweza kurudia sindano. Valvu ya bandia hushambuliwa na bakteria kirahisi kuliko ya kuzaliwa nayo, na kupasua mara ya pili ni hatari zaidi. Daktari wa upasuaji anayeuliza kwanza nani atampa mgonjwa wake methadoni akitoka wodini, bado yumo katika kazi yake.