Nani aliyepanga namba za vitabu?

Leo tuongee juu ya zile namba ndogo zinazobandikwa mgongoni mwa vitabu kwenye maktaba, ao biblioteke kama tunavyosema kwetu. Wengi wanaziona kuwa anwani tu. Sawa, lakini anwani inatolewa na mtu, na ule mtu ndiye anaamua nani akae barabarani na nani akae nyuma ya nyumba.

Namba zinazojulikana zaidi ni za Mmarekani Melvil Dewey, mwaka 1876. Kutoka hapo Wabeljiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walianzisha Brussels mwaka 1895 kazi iliyozaa CDU. (Miaka ileile Congo ilikuwa mali ya Leopold II.) Kwa Dewey, dini ziko 200. Ukristo ulipewa 220 mpaka 280. Dini zingine zote za dunia zikasongamana kwenye 290, na za mababu zetu ziko 299.6. Hata Mkristo anaona mizani haikai sawa. CDU ilipanga upya fungu lake la dini mwaka 2000.

Sasa tuje Fizi. Katalogi nyingi zinaandika lugha ya kitabu kwa herufi tatu. Kwenye orodha ya ISO 639-2, Kibemba cha Zambia kiko na zake: bem. Kibembe chetu hakina. Kinatiwa ndani ya bnt, kifurushi cha lugha za Kibantu zilizobaki. Orodha kubwa iliyokuja nyuma, ISO 639-3, ndiyo inatupa bmb, na Babembe wa Congo-Brazzaville, watu wengine kabisa, wakapata beq. Karani wa mbali akikosea herufi moja, kitabu cha Fizi kinalala Zambia. Mwanafunzi wa Baraka anatafuta, anaambiwa hakuna kitu, halafu watu wanasema Babembe hawana maandishi.

Tena kuna bwami, yetu na ya Balega. Ndani yake muna vyeo, mafundisho, hukumu, sanaa. Lakini kitabu kinakaa rafu moja tu. Kikiwekwa kwenye sanaa, ao chini ya neno « société secrète », ule anayesoma droit na kutafuta sheria za kimila hatakiona hata siku moja.

Maneno haya yanaweza kubadilishwa. Sanford Berman, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, alikuta katalogi ya Washington inaita watu « Kafirs », tusi kubwa kusini mwa Afrika. Mwaka 1971 alitoa kitabu kizima kushambulia maneno ya namna hiyo.

Mimi ni mtu wa agronomia, naona jambo lilelile shambani: muhogo uko 633, pamoja na mimea ya wanga, lakini kwetu sombe ni mboga ya kila siku. Namba ya mgongoni ni moja; maneno ya kutafutia yanaweza kuwa kumi. Maktaba ya shule yenye daftari tu inaweza kuongeza « sombe », « bwami », « Fizi », bila kuomba ruhusa Brussels.

Ugumu utatoka kwetu wenyewe. Munajua vile majina ya vilima yanaleta mabishano huku. Kilima kikiwa na majina mawili, mimi nasema yaandikwe yote mawili.